Mliopata homa kali baada ya chanjo ya kwanza ya Korona, mlirudije tena?

BintiWaKwanza

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Nina jambo linaloninyima usingizi, na najua humu wamo waliolipitia.

Baba yangu ana miaka 74, ana presha na kisukari. Mwaka 2021 alichanjwa Korona dozi ya kwanza. Alikwenda mwenyewe kwa hiari yake, tena ndiye aliyekuwa akituhimiza sisi watoto. Aliyemchanja alimwambia, "Hutasikia kitu, mzee," akamfuta begani, akamwita anayefuata. Baba akarudi nyumbani na furaha yake.

Mimi nilikuwa kwangu. Alfajiri saa kumi na moja simu ikalia. Sauti ilikuwa ya kwake lakini imefifia, akasema neno moja tu: "Njoo." Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, viatu miguuni na kamba amezifunga. Magotini ameweka bahasha ya kaki yenye hati zake zote. Shuka lilikuwa limelowa jasho, na godoro chini yake limelowa pia. Alikuwa anatetemeka tangu saa tatu usiku, peke yake, akiamini anakufa. Alijiandaa ili tusihangaike kutafuta makaratasi. Ile bahasha hadi leo naiona.

Kufika jioni homa ilikuwa imekwisha, na kesho yake anatembea kama kawaida. Lakini dozi ya pili hakwenda. Kila tulipoligusa jambo hilo alijibu lilelile: "Nilikwenda mzima, nikarudi mgonjwa. Walijua, hawakuniambia." Mwaka 2024 ziliposikika habari kwamba chanjo ya AstraZeneca imeondolewa sokoni huko Ulaya, alinitumia ile habari bila kuandika neno lolote.

Sasa daktari wake wa kisukari amemshauri achanjwe, kwa sababu ya umri na hayo maradhi. Baba hakukataa wala hakukubali, amesema atafikiri. Sitaki kumburuta. Naomba ninyi mlioumwa namna ile baada ya dozi ya kwanza mniambie: mlirudi? Mara ya pili ilikuwaje? Na yupo aliyepata jambo zito kuliko homa? Nisimulieni mliyoyaona kwa macho yenu. Ya kutumiwa kwenye simu ninayo ya kutosha.

Fundi_Saa

Pole kwa mzee. Mimi ilikuwa kinyume chake. Dozi ya kwanza liliuma bega tu, siku mbili sikuweza kulalia upande wa kushoto. Ya pili ndiyo iliyonilaza: baridi, viungo vyote, kichwa kama kimefungwa kamba. Baada ya saa ishirini na nne ikaondoka kama ilivyokuja. Ya nyongeza nikarudi tena, bega tu. Chanjo ilikuwa Pfizer zote tatu.

NesiMstaafu

BintiWaKwanza, mwanangu, pole sana, na nifikishie salamu kwa baba. Nilikaa meza ya kuchanja tangu mwaka 2021 mpaka nilipostaafu. Nitajibu kwa urefu, unistahimilie.

Naanza na langu. Nilichanjwa na watumishi wenzangu wa afya, kundi la mwanzo kabisa, saa nne asubuhi. Mchana kutwa nilifanya kazi bila tatizo. Saa mbili usiku nikahisi baridi inapanda mgongoni, nikajifunika blanketi. Saa nne meno yalikuwa yanagongana. Nikajipima: 38.9. Mimi ni nesi, ninajua kinachoendelea mwilini mwangu, na bado saa saba za usiku lilinipitia wazo kwamba labda mimi ndiye yule mmoja itakayemdhuru. Basi fikiria mtu aliyeambiwa hatasikia kitu.

Na hapa lazima niseme ukweli wangu. Yale maneno aliyoambiwa baba yako, mimi pia niliyasema. Miezi ile foleni ilikuwa ndefu, na kichupa kikishafunguliwa kina saa sita tu. Cha Pfizer kilikuwa kinatunzwa kwenye baridi kali, nyuzi 70 chini ya sifuri. Tunakiacha kiyeyuke, tunakichanganya na mililita 1.8 za maji ya chumvi, tunakipindua polepole mara kumi bila kukitikisa, tunaandika saa juu yake, kisha tunatoa dozi sita za mililita 0.3. Cha AstraZeneca hakikuhitaji kuchanganywa, dozi kumi za mililita 0.5, nacho saa sita zikipita kinatupwa. Macho yanabaki kwenye ile saa uliyoiandika. Mtu anakaa kitini anauliza, "Nitaumwa?" na jibu jepesi linatangulia mdomoni kabla hujafikiri.

Kuna baba mmoja, fundi rangi, mikono yake ilikuwa na madoa meupe hadi kwenye viwiko. Wiki moja baada ya kumchanja alirudi. Hakukaa kwenye foleni, alisimama ukutani akasubiri watu wote waishe. Kisha akaja mbele ya meza yangu, akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, ungeniambia tu. Nililala kwenye nyumba ya watu ninayopaka rangi, peke yangu, sina hata maji." Akaondoka. Sikumwona dozi ya pili.

Tangu siku ile sikumwambia tena mtu yeyote kwamba hatasikia kitu. Kabla ya kushika pamba nilimtazama na kumwambia hivi: "Leo usiku unaweza kupata homa na kutetemeka. Ikija, itakaa siku moja, pengine mbili. Kunywa maji, meza parasetamo ikishakuja, usiimeze kabla. Ukiweza usilale peke yako. Na isipokuja usiwe na wasiwasi, chanjo inafanya kazi vilevile." Hayo yote ni sekunde ishirini, nilipima. Waliokuja dozi ya pili walianza kunisimulia wenyewe kabla sijawauliza: ilianza saa ngapi, ilifika ngapi, nani alikaa nao.

Sasa kuhusu ile homa. Ndani ya kichupa hamna kirusi cha Korona kilicho hai, kwa hiyo baba hakuambukizwa. Pfizer na Moderna zina mRNA, yaani maelekezo ya kuufundisha mwili kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi, ile miiba yake ya juu. Maelekezo hayo hayaingii kwenye kiini cha seli zilimo vinasaba, na baada ya muda mfupi mwili unayavunja. AstraZeneca na Johnson & Johnson zilibeba maelekezo ya mwiba huohuo ndani ya kirusi kingine, cha jamii inayoleta mafua, kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana. Mwili ukiuona ule mwiba unapiga mbiu. Kemikali za ile mbiu ndizo zinazoupandisha joto na kuvifanya viungo viume. Baba alikuwa anatetemeka kwa kazi ya mwili wake mwenyewe, ila hakuna aliyemwambia.

Ulichoniuliza hasa, kurudi ilikuwaje, jibu linategemea kadi yake imeandikwa nini. Itafute. Kwa AstraZeneca homa ilikuwa kubwa zaidi dozi ya kwanza, na ya pili kwa kawaida ilikuwa nyepesi. Kwa Pfizer na Moderna ni kinyume, kama alivyosema Fundi_Saa hapo juu: ya pili ndiyo nzito. Na kwa zote, wazee huumwa kidogo kuliko vijana, maana mbiu ya kijana inalia kwa nguvu zaidi. Homa ya baba mara ya kwanza haimaanishi ya sasa itakuwa hivyo.

Ile habari ya mwaka 2024 usiikwepe, ni ya kweli. Mwezi Mei mwaka huo kampuni iliondoa kibali cha chanjo yake katika Umoja wa Ulaya, ikasema mahitaji yameshuka kwa sababu zimekuja chanjo mpya zilizorekebishwa kulingana na aina mpya za kirusi. Na zile habari za chanjo hiyo kugandisha damu nazo ni za kweli. Tarehe 7 Aprili 2021 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitangaza kwamba damu kuganda pamoja na kupungua kwa chembe sahani, zile za damu zinazosaidia jeraha lisitoke damu, ni madhara ya nadra sana ya chanjo hiyo. Siku hiyohiyo Uingereza ikashauri walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine, na mwezi uliofuata ikapandisha hadi miaka 40. Tatizo lile lilikuwa likitokea ndani ya wiki chache baada ya sindano. Kama ni ile aliyochanjwa baba, miaka imepita, si jambo la kumlaza macho leo.

Jambo moja unapaswa kumuuliza vizuri. Siku ile, ndani ya nusu saa baada ya sindano, alivimba uso au midomo? Alitokwa na vipele mwili mzima, alipumua kwa shida, alianguka? Huo ungekuwa mzio mkali, na ndiyo sababu tuliwakalisha watu dakika 15, na wenye historia ya mzio dakika 30. Kama lilitokea lolote kati ya hayo, daktari ajue kabla ya yote. Kama ilikuwa homa ya usiku tu, homa haimzuii.

Nilisoma ripoti moja ya Januari 2022 iliyokusanya majaribio ya chanjo hizi. Katika waliochomwa maji ya chumvi badala ya chanjo bila kujua, zaidi ya thuluthi moja waliripoti uchovu, kichwa na mengine ya namna hiyo baada ya sindano ya kwanza. Hofu inaumiza mwili kweli. Lakini nakuomba usimpelekee baba hoja hiyo. Jasho lililolowesha godoro halikuwa hofu.

Ukizungumza naye usianze na chanjo. Anza na ule usiku. Mwambie: baba, ulikuwa na haki ya kuambiwa. Nyamaza hapo, umwache aseme.

MamaPacha

Dada, langu si homa, lakini umeuliza nani alipata jambo jingine.

Siku ya tatu baada ya chanjo nilikuwa naoga nikakuta uvimbe kwapani, mkono uleule wa sindano. Mkubwa kama ncha ya kidole gumba, unateleza ukiugusa, unauma kidogo. Dada yangu wa pili alifariki kwa saratani ya titi na ilianzia kwapani hivyohivyo. Nilikaa na uvimbe ule siku sita bila kumwambia mtu, hata mume wangu. Usiku nilikuwa naupapasa gizani kuona kama umekua.

Siku ya saba nikaenda. Daktari kabla hajanigusa akauliza, "Umechanjwa hivi karibuni? Mkono upi?" Nilipomjibu wa kushoto, akaniambia ni tezi imevimba kwa sababu inafanya kazi yake, hutokea kwa baadhi ya watu, tusubiri, isipopungua baada ya wiki kadhaa nirudi wapige picha. Wiki ya tatu ilikuwa haishikiki tena. Nililia pale kwenye kiti chake, si kwa furaha wala huzuni, nililia tu.

Nesi, lile la kuambiwa mapema umelisema kwa niaba yangu. Kama kwenye ile karatasi niliyopewa mtu angeandika mstari mmoja tu, "unaweza kuvimba tezi za kwapa", zile siku sita zisingekuwepo.

Jambo jingine kwa akina mama mnaosoma: nilikuwa nanyonyesha mapacha, miezi mitano. Watu walinitisha niwaachishe. Sikuwaachisha, na hawakupata hata joto. Baadaye niliambiwa kingamwili za mama aliyechanjwa zimeonekana kwenye maziwa. Na siku zangu mwezi ule zilichelewa kidogo, mwezi uliofuata zikarudi kwenye mstari. Hilo nalo limechunguzwa likaonekana ni kweli, hutokea na hupita.

Kocha77

Mimi ninalo zito kuliko homa, na naomba nisisomwe vibaya. Nimechanjwa mara tatu, na ningerudi tena.

Mwanangu alikuwa na miaka 19, mchezaji, hajawahi kulazwa. Siku ya tatu baada ya dozi yake ya pili ya aina ya mRNA aliamka akasema kifua kinambana, akilala chali kinazidi, akiinama mbele kinapungua. Tulikokwenda kwanza tuliambiwa ni gesi tumboni, tukarudishwa nyumbani na vidonge. Nilipotaja chanjo, aliyetuhudumia alikunja uso kama nimemtukana. Jioni tukaenda pengine. Daktari wa zamu, binti mdogo, alipiga kipimo cha umeme wa moyo, akachukua damu, akaniambia wazi: misuli ya moyo imevimba, na chanjo inaweza kuwa chanzo.

Alilazwa siku nne akiangaliwa mapigo. Dawa za maumivu, kupumzika, basi. Akakatazwa mazoezi miezi sita. Hiyo miezi sita ndiyo iliyomuumiza kuliko kifua. Alikuwa anakuja uwanjani, anakaa benchi na saa yangu ya kupimia mbio, anawahesabia wenzake. Alipopimwa tena moyo ulikuwa sawa, na sasa anacheza.

Ninachokidai ni kimoja: mtu akisema kifua kinauma baada ya chanjo, asikilizwe. Yule binti wa zamu alinisikiliza, na kwa sababu yake mke wangu na mimi tulirudi kuchukua nyongeza.

NesiMstaafu

Kocha, ahsante kwa kulisema, na nashukuru kijana amepona. Hilo limethibitishwa: ni nadra, huwapata zaidi wavulana na vijana wa kiume, mara nyingi baada ya dozi ya pili ya Pfizer au Moderna, siku chache tu baada ya sindano, na wengi hupona kama yeye. Korona yenyewe nayo huvimbisha misuli ya moyo. Kwa mzee wa miaka 74 hatari hiyo ni ndogo sana, lakini alama ni zilezile kwa kila mtu: kifua kubana, moyo kwenda mbio bila sababu, pumzi kukata. Ukiziona usisubiri asubuhi. Ukirudishwa nyumbani na bado zipo, nenda kwingine kama alivyofanya Kocha.

BintiWaKwanza

Nimerudi, nisameheni kwa kukaa kimya siku kumi.

Nilichapisha majibu yenu kwa herufi kubwa nikampelekea. Sikumwambia asome, niliyaacha mezani. Jioni akanipigia: "Huyu nesi aliyekiri, yupo kweli?" Nikamwambia yupo. Akanyamaza, kisha akasema, "Amenena." Kisha akanisimulia ule usiku mwanzo hadi mwisho. Miaka yote hii hajawahi. Aliniambia alivaa viatu kwa sababu hakutaka tumkute peku. Nilishindwa kujibu, nikawa nashika simu tu.

Kadi tuliikuta ndani ya ileile bahasha ya kaki. AstraZeneca, dozi moja, nafasi ya pili iko wazi. Nilimuuliza yale ya nusu saa ya kwanza: hakuvimba, hakutoka vipele, alikaa kwenye benchi akizungumza na jirani yake. Daktari wake akapitia yote akasema aende, na kwamba safari hii ni chanjo nyingine, ya mRNA, iliyorekebishwa kwa aina za kirusi za sasa.

Baba alikubali kwa masharti yake. Nyuma ya bahasha aliandika maswali matatu, mwandiko wake ule wa kulala upande. Hii ni chanjo gani, si ile? Homa ikifika ngapi nije? Dawa zangu nizimeze kama kawaida? Aliyemchanja ni kijana mdogo. Baba alimwinulia bahasha kabla hajakunja shati. Yule kijana aliweka chini trei yake, akavuta kiti akakaa, akajibu moja moja: jina la chanjo akamwonyesha kwenye kichupa. Homa ikifika 39 isiposhuka kwa parasetamo au ikipita siku mbili, aje. Dawa zote ameze kama kawaida, na sukari apime mara nyingi zaidi kwa siku mbili, maana homa inaweza kuipandisha. Baba akasema, "Sasa choma."

Dakika 15 za kusubiri alizihesabu kwa saa yake ya mkononi.

Nililala kwake. Nilijipanga kukesha, lakini saa sita usingizi ulinizidi kwenye kiti. Nilipoamka kumepambazuka, yeye amelala chali anakoroma, na kipimajoto kiko juu ya bahasha kwenye kimeza. Chini ya yale maswali matatu aliendelea kuandika:

Saa 2 usiku, 37.2. Bega linauma.
Saa 4, 38.0. Baridi kidogo. Nimemeza dawa.
Saa 6, 37.8. Binti amelala, nimemfunika.
Saa 8, 37.1. Sukari 9.
Saa 9, 36.8. Nalala.

Nesi, leo ni siku ya tatu, homa hamna ila bega bado linauma akinyanyua mkono kuvaa shati. Ni kawaida?

NesiMstaafu

Kawaida kabisa. Mwambie auzungushe mkono taratibu mara kadhaa kwa siku, asiulaze tu. Likizidi kuuma badala ya kupungua, au pakiwa pekundu panapotanuka, apaonyeshe.

Na hiyo bahasha irudishie kadi ndani, uiweke mahali pamoja na dawa zake. Siku nyingine akienda kuchanjwa aende nayo, amwonyeshe atakayekaa mezani.